Basha Hataki Kula

Ashgan alikwenda Soko la Ijumaa kuuza kitanda, akarudi na samaki. Ukimwuliza ilikuwaje, atakwambia samaki ndiye aliyemtaka yeye, na ukithubutu kucheka atakununia wiki nzima.

Kitanda kilikuwa cha marehemu mumewe Lutfi, kile cha chuma cha kuinuka kichwani. Alikiuza kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, aibu kubwa kwa mwanamke wa mtaa wa Shubra aliyezoea kubishana hata bei ya figili. Kisha akaanza kuzurura upande wa ndege na samaki, maana hakutaka kurudi kwenye chumba kilichobaki na nafasi tupu ukutani.

Huko akamkuta muuzaji mmoja, Shinuda, anamchokoa samaki kwa kijiti ndani ya beseni. Watu wamemzunguka. Samaki akajaza maji tumboni, akavimba mpaka mapezi yakabaki kama vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwenye mpira. Watu wakaangua kicheko.

"Hebu mwache!" Ashgan akafoka. "Tumbo kuvimba ni mchezo?"

Tumbo la Lutfi lilikuwa limevimba miezi yake yote ya mwisho. Ini lilikwisha kuharibiwa na kichocho alichokipata utotoni, akiogelea mferejini kwao Menufia. Ashgan hakuona cha kuchekesha.

"Huyu bunju wa Nili, Hajati," Shinuda akasema. "Kuvimba ndiyo kazi yake."

"Kwanza mimi sijahiji. Pili, hiyo si kazi. Anaogopa."

Shinuda akaweka kijiti chini. Alikuwa mtu mpole, ila alipenda kuchekesha watu. "Basi kama unataka wa kufuga, njoo nikuchagulie. Tazama hawa kwenye kioo. Chukua mwenye tumbo lililojaa, macho maangavu, anayekuja mwenyewe ukimsogelea. Huyo wa beseni mwache, keshachoka na watu."

Lakini huyo wa beseni alikuwa amekwisha kujitoa maji na kurudi umbo lake la kawaida, mistari ya manjano ubavuni. Jicho lake moja lilikuwa linakilinda kijiti. La pili lilikuwa linamtazama Ashgan. Na tumbo lake, Ashgan alihakikisha, lilikuwa limejaa vizuri.

"Nipe huyo."

Shinuda alimpa na masharti chungu nzima. Bunju huyo akae peke yake, maana atamng'ata mapezi mwenziwe yeyote. Awekewe chombo kikubwa, kwa kuwa atakuwa mkubwa. Chini atandikiwe mchanga laini apate kujifukia. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo mpaka kesho yake, dawa itoke, ndipo abadilishiwe. Asitolewe nje ya maji hata kidogo, akimeza hewa taabu. "Na chakula chake hiki," akamalizia, akamtia mkononi mfuko wa konokono hai. "Mpe na magamba yao."

Ashgan akashukuru kwa adabu. Alipofika kona ya mtaa wake akautupa mfuko kwenye pipa la taka, akaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Konokono! Vidudu vya mferejini vinavyobeba kichocho, ndivyo vilivyomtafuna Lutfi wake, leo aviingize ndani kwa mkono wake? Labda awe amerogwa.

Aliweka tangi la kioo pale pale kilipokuwa kitanda, akamwita samaki Basha. Na kwa kuwa nyumbani kwa Ashgan mgeni hajawahi kumenya kitu, Basha naye hakumenya. Ashgan alimnunulia kamba wazuri, akawavua maganda mmoja mmoja, akatoa kichwa, akatoa ule uzi mweusi wa mgongoni, akamkatia vipande kama alivyokuwa akimkatia Lutfi. Basha alikula akanenepa. Akajifunza mlio wa kandambili za Ashgan. Akizisikia tu, anapanda juu na kurusha maji, mpaka picha ya harusi ukutani ikaingia madoa. Ashgan alimgombeza na kumwita hana adabu, kisha akamwongezea kamba. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, alikuwa akiamka asubuhi ana la kufanya. Alikuwa na furaha, na alijua kuwa ana furaha.

Miezi ikapita, Basha akaacha kula.

Hakuacha ghafla. Anakuja mbio, anakigusa kipande, anakizungukazunguka, anarudi nyuma. Ashgan akakata vipande vidogo zaidi, kisha vidogo mno. Tumbo la Basha likaanza kubonyea, rangi ikafifia. Siku Tahani, jirani mwenye saluni ya chini, alipopanda na kahawa, alimkuta Ashgan ameinamia tangi, amekunja mikono ya gauni.

"Wallahi utakula! Nimekwisha kuapa, usiniangushe! Kipande kimoja tu, kwa ajili yangu!"

"Mama Rawya," Tahani akasema, akimwita kwa jina la bintiye, "sasa hata samaki unamlisha kwa kiapo?"

Ashgan hakucheka. "Amenikataa."

"Nani, samaki?"

"Kama yule mwingine." Akaketi kwenye kiti alichokuwa akikalia alipomwuguza mumewe. "Lutfi wiki yake ya mwisho nilimpikia supu ya njiwa. Anaiangalia, anaangalia kijiko, halafu anageukia ukuta. Miaka yote amekula mkononi mwangu, mwishoni ananigeuzia kisogo. Sijamwambia mtu, Tahani. Lakini nimemkasirikia mpaka leo. Na huyu naye akifa kwa njaa mbele yangu, basi mkono wangu huu una nuksi."

Tahani akaweka kahawa chini. Akachukua simu ya Ashgan. "Yule bwana wa soko, namba yake iko humu?"

Shinuda alisikiliza, kisha akauliza, "Konokono anakula?"

"Nilitupa," Ashgan akasema. "Nampa kamba."

"Na maganda yao?"

"Mgeni nimpe maganda? Namenya mwenyewe!"

"Ewe Mama!" Shinuda akacheka, halafu akajizuia. "Bunju meno yake hayakomi kuota, kama kucha. Kuvunja magamba ndiko kunakoyasaga. Mtazameni mdomoni."

Wakainama wote wawili kwenye kioo. Meno meupe yalikuwa yamepita midomo, ya juu yamelalia ya chini, kinywa kimefungwa kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Hajakukataa huyo," Shinuda alisema kwenye simu. "Anataka. Hafunguki tu."

Kazi waliifanya mchana ule ule. Tahani alikimbilia kwa muuza viungo akaleta mafuta ya karafuu ya kumlaza samaki, akapitia saluni akachukua koleo lake jembamba la kukatia ngozi za kucha. Shinuda akawaelekeza simuni: beseni la maji ya tangini, matone machache ya karafuu yaliyotikiswa kwanza kwenye kichupa cha maji, wangoje. Basha akayumba, akatulia. Ashgan akamshika kwa kitambaa kilicholowa, chini ya maji, asivute hewa.

"Mshike vizuri, Mama Rawya, utanifanya nimkate mdomo."

"Na wewe usiseme sana. Kata."

"Bibi harusi wa Jumamosi alinisumbua kuliko huyu." Likasikika *tak* dogo, mara mbili. "Tayari. Leo bure, siku nyingine aje saluni alipe."

Walimrudisha tangini. Akalala ubavu juu ya mchanga, na Ashgan akasoma kila aya aliyoijua, mpaka pezi likatikisika.

Shinuda mwenyewe alifika jioni na kopo. "Konokono wa kwangu. Nimewazalisha kwenye beseni, mama yao na bibi yao maji ya bomba tu. Mfereji hawaujui." Hakuvuka kizingiti. Alilikabidhi kopo mlangoni, akaenda zake.

Ashgan alilishika kopo kitambo. Kisha akamtoa konokono mmoja kwa vidole vyake, mzima na gamba lake, akamdondosha.

Basha akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Akamrukia. *Kruup!* Sauti hiyo ilisikika nje ya kioo, na Tahani akapiga kigelegele cha harusi.

Ashgan hakupiga. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, anautazama ukuta nyuma ya tangi.

"Hakunikataa," akasema.

"Si tumekwambia tangu mchana? Alikuwa anataka, kinywa ndicho kilichomshinda."

"Lutfi," Ashgan akasema. "Tahani, alikuwa anataka supu yangu. Hakuweza tu. Akaona haya kuniambia, akageuka." Akalia, kilio alichokizuia siku ya maziko, na Tahani akaja akamkumbatia kichwa.

Basha akapanda juu, akawarushia maji wote wawili. Ashgan akajifuta uso kwa upindo wa mtandio wake, akanyoosha mkono kwenye kopo.

"Nimekusikia, Basha. Subiri."