Viatu vya Dorcas

Dorcas Niyubahwe, mweka hazina mpya, aliisukuma kando kalamu aliyopewa na mwenyekiti. Shirika lao la Kasulu linasaidia watoto waliokimbia vita, na miaka yote bodi imekuwa ikisaini taarifa ya fedha kwanza, inakunywa soda, inaondoka. Kusoma? Asome nani!

"Saini tu, mwanangu," alisema mwenyekiti, mzee Pasikali. "Wenzako wanarudi Kibondo, njia mbovu."

"Nisichokisoma sikisaini, mzee."

Akaanza na orodha ya watoto waliopewa viatu mwezi uliopita. Wajumbe wakaguna. Wengi wa watoto hao Dorcas aliwajua: walisharudi Burundi, na sasa wana watoto wao. Ukurasa wa tatu akasita. Yeye mwenyewe alilelewa na shirika hili, na jina lake lilikuwa pale: Dorcas Niyubahwe, miaka kumi na miwili, amepokea. Pembeni, alama ya dole gumba.

Akavuta pedi ya wino, akabonyeza dole gumba lake kando ya ile alama. Hazikufanana hata kidogo.

Akamsogezea mwenyekiti pedi.

"Sasa weka na wewe, mzee."