Fundo la Deolinda

Armindo Arruda alizikwa Jumanne, na chambo chake kilikuwa bado hai.

Deolinda aligundua hayo Alhamisi, aliposhuka chumba cha chini kutafuta viazi. Kule chini kulikuwa na friji kuukuu ya marehemu, ile isiyoruhusiwa kuwekwa chakula cha watu, nayo ilikuwa inanguruma kama kawaida yake. Alitaka kuizima. Akaifungua kwanza, akakuta ndoo yenye gunia bichi, na chini ya gunia mikunga wanne wamejiviringa, weusi, baridi, wanapumua. Samaki hawa ni wabishi. Wape ubaridi na unyevu tu, watakaa bila maji siku nyingi kuliko unavyodhani. Armindo aliwanunua Ijumaa ili Jumamosi akavue miambani, na Jumamosi asubuhi moyo wake ukasimama akiwa anavaa viatu.

Deolinda alikaa kwenye ngazi, gunia likimdondokea maji miguuni. Hakuwa amelia bado. Kanisani watu walimsifu kwa ujasiri, na binti yake alipopiga simu kutoka Arizona alimsifu vilevile kabla hajakata. Haukuwa ujasiri. Kuna kitu kilimkwama kati ya kifua na koo, naye alikijua kwa jina.

Makaburini, padri alipokuwa anamalizia, utepe wa shada la maua uliachia na shada likaanguka kwenye tope. Nyuma yake sauti ya mwanamume ikanong'ona, "Fundo la Deolinda hilo." Watu wakacheka ndani ya kola za makoti yao. Mjane mwenyewe amesimama pale, jeneza la mumewe mbele yake, na watu wazima wanacheka.

Kisa chake ni hiki. Armindo alikuwa fundi wa kuta za mawe, na mawe yalimpinda vidole mapema. Kutega samaki wa milia alijua, kufunga ndoana hakuweza tena. Kwa hiyo miaka na miaka Deolinda ndiye aliyefunga. Jioni za baridi, baada ya supu ya sukuma na soseji, aliketi mezani, akazungusha uzi mzito kwenye shingo ya ndoana, akaulowesha kwa mate, akauvuta kwa koleo mpaka ukalia. Armindo aliketi upande wa pili akisimulia samaki. Baharini mke hakwenda hata siku moja. Samaki walikuja nyumbani, hilo lilimtosha, na mume alimsifia mafundo yake kote mjini Sakonnet.

Halafu ikaja sheria. Anayevua samaki wa milia kwa chambo lazima atumie ndoana ya duara, ile iliyokunja ncha yake kwa ndani, isiwaue samaki wanaorudishwa majini. Armindo aliitukana sheria hiyo kwa lugha mbili. Tangu mwaka ule akawa anarudi mikono mitupu, na ukimuuliza, jibu ni moja: fundo limeachia. Alisema hivyo nyumbani, akasema dukani kwa Norbert Teixeira anayeuza chambo, akasema kwenye chakula cha parokia mbele ya watu. Mji mdogo haukosi kazi ya kufanya na neno kama hilo. Kamba ya kiatu ikifunguka, fundo la Deolinda. Mashua ikichomoka kambani usiku na kwenda zake, fundo la Deolinda.

Alibadilisha uzi. Alizidisha mizunguko. Mara moja alining'iniza ndoo ya mawe kwenye boriti ya chumba cha chini, kwa fundo lake, ikakaa wiki nzima bila kuteleza. Akamwita mumewe aje aone.

"Ndoo si samaki, bibie," Armindo alisema, akapanda zake ngazi.

Akamwomba basi amletee mwisho wa uzi, kwa sababu fundo likiteleza uzi hurudi umejikunja kama mkia wa nguruwe, na angejua kosa liko wapi. Armindo alisema ameutupa baharini. Kila mara alikuwa ameutupa baharini.

Sasa chambo kiko hai, fimbo iko nyuma ya mlango, na anayejua ukweli yuko chini ya udongo. Deolinda akainuka kwenye ngazi. Angekwenda mwenyewe akaone kama fundo lake ni bovu. Kama ni bovu, angelimeza na kukaa kimya. Lakini angejua.

Alivaa koti la Armindo, lililomfika magotini, akapitia kwa Norbert kwa sababu kufunga alikujua, kuvua hakujua.

"Shemeji," Norbert alisema, akiitazama fimbo. "Unampelekea nani hiyo?"

"Nakwenda kuvua."

"Wewe? Na hizo ndoana kafunga nani?"

"Unadhani kafunga nani?"

"Basi chukua na kamba ya akiba," Norbert akasema, kisha akajishika mdomo. "Nisamehe, shemeji. Ulimi wangu huu ungekuwa mbwa ningeshaufunga."

"Nifundishe tu, Norbert. Samaki akishika, nafanyaje?"

"Hufanyi kitu. Hapo ndipo watu wanaposhindwa. Ndoana hii haitaki kushtuliwa. Mwache aende nayo, aende, mpaka mshipi ukaze wenyewe, ndipo uanze kuzungusha polepole. Itamshika pembeni mwa mdomo. Ukivuta kwa nguvu inatoka kama ilivyoingia."

"Armindo alijua?"

"Nilimwambia mimi. Akaniambia ameishi kwa kuvuta na atakufa anavuta." Norbert akacheka kidogo, akaacha. "Mwendazake, Mungu amrehemu."

Miambani hapakuwa na mtu. Mawingu yalikuwa mazito, alasiri ya Oktoba, na mawimbi yalikuja kwa utulivu yakipasuka kwenye majani ya bahari. Deolinda alimshika mkunga wa kwanza kwa kitambaa kikavu, kwani kwa mkono mtupu hashikiki, akapitisha ndoana chini ya kidevu ikatokea juu ya pua, kama alivyomsikia mumewe akisimulia. Akarusha. Mkunga akagonga jiwe, akachomoka, akaondoka na maisha yake. Wa pili alianguka majini vizuri, lakini alipomvuta kuangalia, akamkuta amejisokota kwenye uzi, amefunga fundo lake mwenyewe, na si baya.

"Hata wewe," Deolinda alimwambia. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya utani tangu Jumamosi ile, na hakukuwa na wa kuisikia ila mkunga.

Alimfungua, akamrusha tena, akangoja. Baridi ilimwingia mikononi. Aliwaza kwamba Armindo alisimama hapahapa miaka yote hiyo, na yeye alikuwa nyumbani akifunga, na kwamba kumbe hawakuwahi kuwa mahali pamoja katika kazi hii moja waliyoifanya pamoja. Wazo hilo lilimuumiza kuliko mazishi.

Mshipi ukaanza kutembea.

Haukushtuka, ulitembea tu, ukitoka kwenye kigurudumu kama mtu anayevuta uzi wa sweta. Deolinda hakufanya kitu, na si kwa sababu ya mafundisho ya Norbert. Aliogopa tu. Mshipi ukaenda, ukaenda, ukakaza, fimbo ikainama mpaka ncha ikakaribia maji, ndipo akaanza kuzungusha. Samaki alikwenda upande wa kulia, kwenye mawe. Akarudi. Akatulia, kisha akaondoka tena kwa hasira, na mabega ya Deolinda yakawaka moto. Fundo ndilo alilokuwa analiona kichwani, mizunguko yake imelala sambamba gizani kule chini, kila mmoja ukimshikilia mwenzake. Shika, alisema. Shika tu.

Wimbi kubwa likamtupa samaki kwenye majani. Deolinda akateremka kwa makalio, akamziba njia kwa buti. Alikuwa mkubwa, mnene, milia myeusi imempita ubavuni kuanzia kichwani hadi mkiani, na ndoana imemkaa pembeni mwa mdomo palepale aliposema Norbert. Fundo halikuwa limesogea hata unywele.

"Limeshika," alisema, akageuka upande wake wa kulia.

Hapakuwa na mtu. Alijua hapana mtu, na bado aligeuka.

Samaki alikuwa mkubwa kupita kipimo ambacho sheria inaruhusu kuchukua, kwa hiyo wa kurudishwa. Akapapasa mfuko wa ndani wa koti kutafuta koleo, akakuta koleo, na chini ya koleo kikopo cha peremende za kikohozi. Kilikuwa kizito. Alimtoa samaki ndoana, akamshika mkia kwenye maji mpaka akapata nguvu na kwenda, ndipo akakifungua.

Kilijaa ndoana za duara, nyingine zimeshika kutu, nyingine mpya kabisa. Kila moja ilikuwa na fundo lake shingoni, zima, na juu ya fundo kipande kifupi cha uzi. Alizigeuza moja baada ya nyingine. Hakuna uzi uliojikunja. Zote zilikatwa kwa kisu, mwisho bapa.

Alielewa yote papo hapo. Armindo alivuta, kama alivyovuta maisha yake yote, na ndoana ikatoka mdomoni mwa samaki na kurudi kwake tupu. Akaona haya. Akaikata, akaificha, akaja nyumbani na kumsingizia mkewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Armindo ilifika makaburini.

Deolinda aliwamwaga mikunga wawili waliobaki baharini, akarudi kwa miguu. Duka la Norbert lilikuwa linawaka taa, wanaume watatu ndani na kahawa yao.

"Enhe, shemeji," Norbert alisema. "Fundo?"

"Limeshika."

"Na samaki?"

"Alikuwa mkubwa mno. Nimemrudisha."

Wanaume wakatazama vikombe vyao. Hakuna mvuvi duniani ambaye hajawahi kusema maneno hayo, na hakuna aliyewahi kuaminiwa. Mmoja akasugua pua kuficha kicheko. Mfukoni, mkono wa Deolinda ulikuwa umekishika kikopo. Angekimimina pale kwenye meza, kati ya vikombe, na kabla ya chakula cha jioni Sakonnet nzima ingekuwa na usemi mpya.

Akakiachia kikopo. Si kwa huruma, asisingiziwe na hilo pia. Ila kesi hii ilikuwa ya nyumbani kwanza, na mshtakiwa alikuwa na haki ya kuisikia kabla ya majirani.

"Usiku mwema," aliwaambia, akatoka.

Nyumbani alishuka kuizima friji. Nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo hakuwa ameijua. Akapanda, akamimina ndoana mezani upande wa Armindo, akaketi upande wake, bado na koti.

"Haya," alisema. "Miaka mitano, Armindo. Mbele ya padri. Mbele ya Norbert, mtu asiye na akili. Nikaning'iniza ndoo ya mawe kama mwehu, na wewe unapanda ngazi. Ungeniambia tu. Ungesema, Deolinda, mkono wangu haunisikii. Ningecheka kidogo, halafu ningekuja nikuvulie." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaiona imepanda, akaiacha. Kisha akaokota ndoana moja, ya zamani kuliko zote, akaligusa fundo kwa kidole gumba. "Na bahari ilikuwa palepale mbele yako. Kwa nini hukuzitupa? Kwa nini uliziweka mfukoni, upande huu wa moyo?"

Akangoja. Mzee yule hakuwahi kukosa jibu katika maisha yake yote, hata la uongo. Deolinda aliendelea kungoja, macho kwenye kiti, mpaka kile kilichomkwama kooni kikaachia, naye akalia.