Ukuta wa Mwenye Nyumba

Mama Chai aliweka birika juu ya pipa la mafuta lililogeuzwa meza, akapanga vikombe vya bati, akamimina kimoja. Makanika wa karakana ile ya malori walikuwa wameshatoka chini ya magari yao, mikono myeusi, wakisukumana na kutaniana, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa wanamsubiri anywe.

Ilikuwa sheria ya hapo. Kabla yake chai ilipikwa na bwana mmoja aliyewanywesha maziwa yaliyolala, karakana nzima ikaharisha, na lori la mteja likakaa juu ya jeki bila mtu wa kulishusha. Tangu siku hiyo mkuu wa karakana aliamua kwamba anayepika ndiye anayeanza, kikombe kizima, mbele ya watu. Mama Chai hakuona ubaya. Kikombe hicho cha kwanza ndicho kilichokuwa raha yake ya asubuhi, na alikuwa akikinywa kwa madaha, kidole cha mwisho juu, watu wakicheka.

Siku hizi madaha yalikwisha. Tangu mvua za mwaka huu zianze, chai ilikuwa imemgeuka. Kikombe kimoja tu, moyo unakwenda mbio kama umeiba kitu, vidole vinatetemeka, jasho linamtoka mgongoni. Alijaribu majani ya aina nyingine. Akapunguza majani, makanika wakamuuliza kama ile ni chai au maji yaliyosuuza birika. Mwishowe akajifunza kudanganya: anagusisha mdomo, anachezesha koo, kisha anakimwaga kisirisiri kwenye ndoo. Aliona aibu, mwanamke mwenye heshima zake kudanganya watu kwa kikombe. Lakini afanyeje, na kazi ndiyo hiyo moja?

Leo mkuu wa karakana alikuwa amesimama karibu mno.

"Mama, umekunywa au umekibusu?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, ili asionekane amekosa la kusema.

"Nimekunywa, baba."

"Hebu nikione."

Kikombe kilikuwa kimejaa vilevile. Kicheko kikakatika. Mama Chai aliona macho yote yamehama kutoka kwake kwenda kwenye birika, akajua wanachowaza, akakiinua kile kikombe akakinywa chote mpaka tone la mwisho. Kisha akaanza kuwamiminia wengine kana kwamba hapajatokea kitu.

Alifika kikombe cha nne. Mkono ulitetemeka, chai ikamwagikia pipa, na miguu ikamwishia nguvu. Alikaa juu ya tairi kuukuu, kiganja kifuani, mdomo wazi akitafuta hewa. Kijana mmoja waliyemwita Spana, ambaye kila asubuhi aliomba nyongeza, alimtazama, akatazama kikombe chake, kisha polepole akakimwaga sakafuni. Wengine wakafuata. Mama Chai alisikia chai yake ikimwagwa kwenye saruji, na hilo lilimuuma kuliko kifua.

"Maziwa ni ya leo," alisema. "Nawaapieni."

Mkuu wa karakana hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa mbele yake akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nakujua. Lakini hawa hawatakunywa chai ya mtu anayeikimbia mwenyewe. Nenda hospitali, upumzike. Jumatatu uje, unywe kikombe chako, usimame imara, yaishe. Ukishindwa, nitatafuta mwingine. Usinilaumu."

"Sikulaumu, baba," alisema Mama Chai, na alisema kweli.

Spana ndiye aliyempigia simu mumewe, labda kwa kujuta. Mumewe alikuwa fundi wa kupiga lipu, na alikuja na saruji kwenye nyusi. Alikuwa ameacha ukuta wa watu nusu, na lipu iliyoachwa nusu ni kazi iliyoharibika. Bosi wake huko alishamwambia asirudi leo wala kesho. Hayo hakuyasema. Alimshika mkewe mkono tu, wakaenda kliniki taratibu, wakisimama kila anapokohoa.

Kwenye benchi la kliniki walingoja hadi makalio yakafa ganzi. Fundi aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mkewe, akasikiliza mapigo, uso ameukunja.

"Unapima nini wewe, udaktari umesomea wapi?" mkewe alimuuliza.

"Napima kama mchanganyiko umeshika."

"Na umeshika?"

"Maji yamezidi kidogo."

Alimpiga begani, lakini hakuutoa mkono wake.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha. Alimsikiliza Mama Chai kifuani, akamuuliza anatumia dawa gani. Mama Chai akatoa kwenye mfuko wa aproni karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vyeupe. Vya kufungua kifua, alieleza. Aliuziwa duka la dawa mvua zilipoanza, kimoja alfajiri, kimoja kabla ya kulala. Bila hivyo usiku anakoroma kama mlango mbovu.

Daktari alikigeuzageuza kimoja. "Mama, hivi ni vya ukoo mmoja na kitu kilichomo kwenye majani ya chai, kafeini. Kila kimoja peke yake mwili unaweza kukivumilia. Vikikutana, moyo ndio unaopigwa. Ukimeza hiki alfajiri ukanywa kikombe kimoja, ni kama umekunywa birika zima."

Mama Chai alicheka kidogo kwa nafuu. Kumbe hajawa mchawi wa chai yake mwenyewe. "Basi naacha vidonge."

"Halafu utapumuaje?"

"Basi aache chai," alisema fundi.

"Chai ndiyo kazi yangu," Mama Chai alimjibu, akiwa hamtazami.

Daktari aliweka kalamu chini. "Hicho kifua hakikuanza bure. Unapolala kuna unyevunyevu? Ukuta una kuvu, yale madoa meusi?"

"Hata. Chumba chetu kidogo lakini kisafi. Mume wangu ni fundi, ukuta aliupaka rangi mwenyewe, mweupe pee."

Fundi alikuwa anatazama ndala zake.

"Yapo," alisema.

"Yapo wapi?" mkewe akamgeukia.

"Nyuma ya kabati. Upande wa mto wako. Nilipaka rangi yakarudi. Nikapaka tena yakarudi. Ndiyo nikasogeza kabati."

Daktari aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. Alisema hawezi kuwaapia kwamba ni kuvu peke yake, vipimo hana. Lakini mtu akilala akivuta hewa hiyo kila siku kifua hubana, usingizi hukatika, na mwili usiolala hushtuliwa na kitu kidogo. Walitoe lile kuvu. Kwa sasa mama asilale humo wala asinywe chai. Akilala penye hewa safi kifua kinaweza kutulia, na kikitulia arudi Jumapili, yeye yupo zamu, wataanza kupunguza vidonge kwa kile cha alfajiri.

"Na chai?" Mama Chai aliuliza.

"Tukifika hapo, kikombe chako kimoja utakinywa."

Njiani Mama Chai alitembea mbele. Alikuwa amekasirika, na hasira yake siku zote ilikuwa na miguu mirefu. Fundi alimfuata nyuma na mfuko wake wa zana begani mpaka aliposimama mwenyewe, si kwa huruma, ila kwa kuishiwa pumzi.

"Umenificha ukuta wangu mwenyewe."

"Nilidhani nakuficha huzuni."

"Huzuni gani?"

Alifikiri. "Natengeneza kuta za watu, mama watoto. Watu wananisifia. Halafu wewe unalala umeegemea ukuta unaooza, na mimi niko hapohapo. Niliona aibu. Nikasema ngoja nipate pesa ya kuhama."

"Mficha uchi hazai."

"Tumeshazaa wawili."

Hakutaka kucheka. Alicheka, akakohoa, akaegemea bega lake mpaka kikohozi kikapita. Watu walipita pembeni yao na hakuna aliyejali.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwahi kupanga nyumba. Fundi aliuona ufa ule tangu siku bomba la ghorofa ya juu lilipoanza kuvuja ndani ya ukuta, na kila alipotaka kuuziba aliambiwa asubiri. Anayesema subiri alikuwa wakala wa mwenye nyumba, aliyekaa getini kwenye kiti cha plastiki na simu mbili, na wapangaji walimbatiza Bwana Kesho. Mwenye nyumba mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

"Shikamoo, mzee," alisema fundi walipofika getini.

"Marahaba. Kama ni habari ya ukuta, fundi yuko njiani."

"Yuko njiani tangu mvua zianze. Mke wangu anaumwa kwa ajili ya ukuta ule, tumetoka kliniki sasa hivi. Mzee, mimi sikudai kitu. Nitabandua lipu, nitaziba bomba, nitapiga mpya. Mchanga nitatafuta, nguvu zangu bure."

Bwana Kesho aliweka simu moja chini. "Ukuta wa mwenye nyumba unaguswa na fundi wa mwenye nyumba."

"Mimi ni fundi."

"Wewe ni mpangaji. Leo utatengeneza ukuta, kesho utasema umejenga nyumba. Nawajua nyie. Atakayegusa ukuta anahama. Na hapa pakiwa wazi asubuhi, jioni pameshapata mtu."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaja saa ya duka kufungwa, kisha akapokea simu. Fundi alibaki amesimama, kofia mkononi, mtu mzima na heshima zake. Mama Chai alimtazama mumewe akisimama hivyo, na hasira yote aliyokuwa nayo juu yake ikamtoka ikahamia kwingine. Alimpenda sana wakati ule.

"Twende ndani, fundi," alisema. "Kanionyeshe."

Walilishika kabati pamoja, mmoja huku mmoja huku, wakalivuta. Harufu ilitoka kwanza, ya kitambaa kilichosahauliwa majini. Kisha ukuta. Kuanzia sakafuni hadi juu ya mto ulikuwa mweusi na kijani, una manyoya, na ile rangi nyeupe imevimba na kuchubuka. Gauni lake zuri, alilolihifadhi kwa ajili ya harusi ya mtoto wao, lilikuwa limeota madoa mgongoni. Mama Chai aliligusa, macho yakamjaa machozi.

Fundi alifungua mfuko wake, akatoa nyundo na patasi.

"Atatutoa," mkewe alisema.

"Najua."

"Hatuna pa kwenda."

"Najua. Toka nje, mama watoto, hili vumbi si lako. Chukua godoro. Leo unalala kibarazani."

Mama Chai alimfunga mumewe kitambaa puani kwa mkono wake mwenyewe, fundo nyuma ya kichwa, kama alivyokuwa akiwafunga watoto shali. Kisha akatoka, akatandika godoro kibarazani, akakaa kando ya mlango penye upepo. Pigo la kwanza lilitikisa sufuria. Lipu ilianguka vipandevipande, na jirani wa chumba cha pili akaleta ndoo bila kuulizwa, wakaanza kupokezana vifusi mlangoni.

Bwana Kesho alikuja mbio, ndala moja imemtoka njiani.

"Nani kawaruhusu? Nyie, nani kawaruhusu?"

Mama Chai aliinuka, akampisha mlangoni kwa adabu zote za mwenyeji.

"Karibu ndani, mzee. Kaa kidogo, uvute hewa na sisi."

Aliweka mguu mmoja kizingitini. Harufu ikamkuta. Alirudi nyuma, akatoa leso akaziba pua, na akabaki hapo nje, akiongea kupitia leso. Mwisho wa mwezi wahame, alisema, vyombo vyao vyote, asiwakute. Ndani, fundi hakuacha kupiga.

"Sawa, mzee," alisema Mama Chai. "Mwezi bado haujaisha." Akashika ndoo nyingine.