Mkoba wa Mama Mkwe

Tangu apewe barua ya ajira ya kudumu, yule mwoka mikate alitembea kwa madaha mpaka majirani wakambatiza Mkurugenzi. Miaka yote alikuwa kibarua, analipwa jioni mkononi, hela yake nzima bila kukatwa hata senti. Sasa barua ilitaja mshahara, naye aliuamini kama anavyoamini kwamba unga uliotiwa hamira lazima uumuke. Aliutangaza mezani kwa wakwe zake. Akamwahidi mkewe kwamba mwezi ukiisha watakihama kile chumba cha uani walichopewa na wazazi wake tangu waoane, maana kuishi kwa wakwe kulikuwa kunamnyima raha. Nyumba ya vyumba viwili alishaiona, na mwenye nyumba alishapewa neno.

Kazi yenyewe alitafutiwa na mama mkwe wake, mhasibu wa kile kiwanda cha mikate, mama mpole mwenye miwani mizito. Ndiye pia aliyegawa bahasha za mishahara.

Siku ikafika. Akapokea yake, akahesabu palepale dirishani, akarudia. Karibu robo haikuwepo. Ile karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha hakuigusa. Macho yake yalikuwa kwenye noti. Angeuliza kwa sauti ya chini, mambo yangeishia pale. Lakini wenzake kwenye foleni walishaanza kumtania, Mkurugenzi mbona umenywea, na damu ikampanda kichwani. Akasema mbele ya kiwanda kizima kwamba hela yake imeliwa, na aliyeila yumo humu humu ndani.

Mpakiaji mmoja, mtu asiyekosa kwenye ugomvi wa watu, akasema basi mkoba wa mama ufunguliwe. Mwoka mikate angeweza kukataa. Neno moja tu lingetosha. Akainama, akatazama unga uliomwagika sakafuni.

Mama mkwe hakubishana na mtu. Aliumimina mkoba wake juu ya meza. Zikatoka funguo, kitambaa cha kufutia miwani, kikopo cha nyuzi, na shati la buluu ambalo mwoka mikate alilijua vizuri, kwa kuwa lilikuwa lake. Kola ilikuwa imegeuzwa upande usiochakaa. Vifungo viwili vipya vilishashonwa, cha tatu kilikuwa bado kinaning'inia na sindano yake. Mkewe alishamwambia kwamba shati la siku ya kuhama linatengenezwa. Hakujishughulisha kuuliza na nani.

"Nilikuwa nalimalizia wakati wa mapumziko," mama alisema. Kisha akaitoa ile karatasi kwenye bahasha, akainyoosha. "Hii hapa kodi ya mapato, inakatwa kabla hela haijakufikia. Huu mchango wa pensheni. Kiwanda nacho kinaongeza wake, utaukuta uzeeni. Hii bima ya afya, yako na ya mwenzio. Kibarua hakatwi, lakini akiugua hana pa kushika. Nisamehe, baba. Nilidhani unajua."

Heri angemtukana. Mwoka mikate alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na ukurugenzi wake. Yule mpakiaji alijifanya anatafuta kofia yake.

Jioni alirudi nyumbani kwa nani? Kwake huyo huyo. Akaomba radhi, akasamehewa kabla hajafika katikati ya maneno, akapakuliwa chakula kama kawaida. Kuhama kukaahirishwa, na shati likakutwa kitandani, limekunjwa, vifungo vyote vimetimia.

Mwezi uliofuata alipofika dirishani, mama mkwe alimpa tabasamu lile lile la siku zote. Kabla ya kushika bahasha ya mwoka mikate, mama aliuchukua mkoba wake, akaufungua wazi, akamgeuzia ili aone ndani. Hakukuwa na kejeli yoyote usoni mwake.

"Haya, baba," akamwambia. "Sasa tuhesabu pamoja."