Pazia Alilolishona Vera

Tangu asubuhi Vera alikuwa roho juu. Mdogo wake, Moreen, yuko hoi pale hospitalini, figo zimegoma, daktari ameshasema hana zaidi la kumfanyia, na Mtume Augustin, kiongozi wa kanisa lao, hajaonekana. Kazi ikawa kupiga simu, na kila akipiga anajibiwa na msaidizi: Mtume yuko kwenye mfungo, awe na subira. Subira gani jamani, na mgonjwa ndiye huyo anakwenda?

Moreen wala hakumtaka huyo Mtume. Alichoomba ni kimoja tu: "Dada, niwekee mikono wewe." Na Vera, aliyemlea tangu walipomzika mama yao Busia wakahamia Kampala, akamwambia asubiri. Katika kanisa lao la Kabalagala, asiyepakwa mafuta na Mtume hamwekei mgonjwa mikono. Akithubutu, eti ugonjwa unageuka laana. Vera aliliamini hilo kwa moyo wote.

Basi kwa kukosa la kufanya akafungua Biblia pale kando ya kitanda cha mgonjwa, akaangukia pale Yesu anapokata roho na pazia la hekalu linapasuka kuanzia juu. Alishapasoma mara nyingi. Lakini Vera ni fundi cherehani, ana kibanda chake Ntinda, na pazia la madhabahu ya Mtume alilishona yeye. Juu ndipo kitambaa hukunjwa na kupigwa mishono minene ili kishike fimbo. Mtu akitaka kulichana ataanzia chini. Aliyelichana lile hakuwa mtu, na hakuna kuhani aliyeombwa ruhusa.

Mkono ukamwenda kifuani. Ikamjia polepole kwamba hekalu lenyewe limo humu, na humo ndimo alimokaa Mungu, yule ambaye yeye amekuwa akimtafuta kwa msaidizi wa Mtume. Pazia lilishachanwa zamani. Aliyekuwa akilishona upya kila Jumapili, kwa woga wake, ni yeye Vera. Aliona aibu, kisha akaona hasira.

Alipogeuka, Moreen alikuwa amefumba macho. Vera akapiga moyo konde, akamwekea viganja kwenye paji la uso, penye jasho la baridi. Hakukemea pepo, hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba, huyu hapa." Alimwita mdogo wake, hakuitika. Alitamani afumbue macho kidogo tu, ajue ni mikono ya nani.

Simu ikalia. Vera akaondoa mikono, akapokea. Msaidizi akasema Mtume amepata nafasi, simu iwekwe sikioni mwa mgonjwa.

"Mwambie tumeshaomba," Vera akasema.

Msaidizi akataka kujua nani ameomba, na kwa idhini ya nani. Vera akakata simu, akarudisha mikono kwenye paji la Moreen.

Moreen alikuwa hapumui tena. Alikwenda wakati ule ule dada yake anazungumza kwenye simu. Vera hakuiondoa tena mikono yake, mpaka manesi walipokuja na shuka.