Kadi ya Kifuniko

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama mkwe wangu akichokonoa kisanduku chetu cha dawa kwa kisu cha mezani.

Nilikuwa nimeshatoka, nikarudi kuchukua funguo. Kisanduku kilikuwa kinalia kumkumbusha saa ya dawa. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amekibana kisanduku kati ya magoti, ncha ya kisu iko chini ya kifuniko. Kifuniko kiliachia ghafla, mlio ukakatika. Aliponiona mlangoni alikisukuma kisu chini ya mto.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunywa dawa, mwanangu. Kimelia, nami nakunywa."

"Kwa kisu?"

"Kisu gani?"

Niliinua mto. Kando ya kisu palikuwa na kopo la zamani la majani ya chai. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vyake vya presha vya wiki ile, vyeupe na vya njano, vimechanganyika kama maharage. Vidonge ambavyo Jumapili nilivipanga mwenyewe ndani ya kisanduku, kila kimoja kwenye chumba chake.

Alipoona hakuna pa kukimbilia, akasema. Kile kifuniko kilitaka kubonyezwa pande mbili kwa vidole gumba na kunyanyuliwa kwa wakati mmoja, na vidole vyake vina baridi yabisi, haviwezi. Kwa hiyo siku akifanikiwa kukifungua, anatoa dawa zote anaweka kwenye kopo, basi. Kikilia tena anakichokonoa kwa kisu ili kinyamaze. Akichoka, anakifunika kwa mto na kukilalia.

"Na unajuaje umekunywa ipi?"

"Nakumbuka."

"Jumanne ulipopata kizunguzungu ulikumbuka?"

Jumanne tulisema ni joto. Nilimpepea kwa gazeti na kumpa maji, nikaondoka kwenda kazini.

"Mama, wiki iliyopita nilikupigia simu. Nikakuuliza, kifuniko kinafunguka vizuri? Ukasema vizuri sana."

"Ndiyo kazi yako ile," alisema. "Wakikufukuza, mwanangu akinipigia kutoka huko aliko nitamwambia nini? Kwamba nimemharibia mke wake kazi? Tena kisanduku chenyewe ni kizuri. Kina taa."

Nilichukua kisanduku, nikachukua na kopo, nikampa kidonge cha asubuhi mkononi na kusimama pale mpaka alipokimeza. Jikoni binti yangu alikuwa anakunywa chai huku amekanyaga nyuma ya viatu vyake vya shule, maana havimwingii tena.

"Mama, kadi yangu ya viatu imezeeka," alisema, akionyesha mlango wa jokofu. Huko ndiko ninakobandika kazi za nyumbani kama tunavyobandika za ofisini.

"Nimeiona."

"Umeiona tangu mwezi uliopita."

Nilikuwa nimeshika mlango.

Njiani nilitembea kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Sijui wengine mnafanyaje kazi, lakini sisi ofisini tunafanya kwa vipande vya wiki mbili mbili. Tuko wachache, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vipuri: fundi wa umeme tunayemwita Waya, msichana mmoja Mchoraji anayebuni maumbo ya plastiki, Bosi, na mimi. Mimi ndiye msimamizi wa mradi wa kile kisanduku, na mama mkwe ndiye tuliyempa akijaribu. Ukutani kuna ubao wenye safu tatu, Bado, Inafanyika, na Imekwisha, na kila kazi ina kadi yake. Kila asubuhi saa mbili tunasimama mbele ya ubao kwa dakika kumi na tano. Kila mtu anasema jana amefanya nini, leo anafanya nini, na amekwama wapi. Hakuna kukaa, maana watu wakikaa wanaanza kuhutubia.

Juu ya ubao kuna karatasi niliyoandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: KADI HAIVUKI KWENDA IMEKWISHA MPAKA MTUMIAJI AMETUMIA NA SISI TUMEMWONA KWA MACHO. Kwa karatasi ile nimewarudishia watu kadi zao bila huruma.

Na kadi ya kifuniko niliivusha mimi. Niliivusha kwa mkono mmoja, simu ikiwa bado kwenye mkono wa pili, sauti ya mama mkwe ikisema vizuri sana, mwanangu, vizuri sana. Siku kumi nzima kadi ile ilikuwa imekaa kwenye Imekwisha. Wageni kutoka hospitali walikuwa wanakuja kesho yake, Ijumaa. Wakipenda, wanaagiza visanduku mia mbili. Wasipopenda, Bosi alishasema waziwazi: mwisho wa mwezi chumba hiki kitakuwa stoo, na kila mtu atafute pa kwenda.

Wenzangu walikuwa wameshasimama nilipoingia. Sikuvua hata mkoba.

"Naanza mimi," nikasema. "Kifuniko hakifunguki."

Waya alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha. "Hakifunguki kwa nani?"

"Kwa mama mkwe. Anatumia kisu."

Nikaweka kisanduku na kopo juu ya meza, nikaeleza yote, pamoja na Jumanne. Mchoraji alichukua kisanduku akakigeuza karibu na dirisha. Kona moja ya kifuniko ilikuwa imetafunwa na kisu, plastiki imechanika vipande vidogo vidogo.

"Dada, ulimwona akikifungua kabla ya kuvusha kadi?" aliniuliza taratibu.

"Nilimpigia simu."

Waya alicheka. "Mama Ubao! Ulinirudishia kadi ya betri mbele ya mgeni, nikaona aibu mpaka nyayoni. Nikala kiapo nitaisubiri siku hii."

"Umeifikia. Cheka haraka tuendelee."

"Nimemaliza," alisema, na kweli alikuwa amemaliza, maana uso ulishabadilika. "Lakini sikiliza. Kesho wageni wanakuja. Iache kadi ilipo. Kisanduku tutakifungua sisi mbele yao. Wakitaka kushika, washike, wana vidole vizima. Baadaye tutarekebisha polepole."

"Baadaye kalibu ya kumiminia plastiki imeshachongwa," alisema Mchoraji.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu wakati wote huo. Ni mtu mwema, ila akiwa na wasiwasi anabonyeza kalamu, tik tik tik, na asubuhi ile alibonyeza mpaka nikatamani kumnyang'anya.

"Fundi amesema kweli," alisema. "Kesho si siku ya kuungama. Kesho ni siku ya kuonyesha kitu kilichokamilika."

"Hakijakamilika."

"Wao hawajui."

"Wazee watakaokinywea dawa watajua siku ya kwanza. Na watatuambia ni kizuri, kina taa, halafu watakunywa za presha mara mbili." Sauti yangu ilikuwa inapanda, nikaishusha. "Bosi, wa kwangu alilala Jumanne nzima. Nilimpepea kwa gazeti."

Kalamu ikanyamaza. "Ukiishusha kadi ile," alisema, "kesho tunawaonyesha nini?"

Sikujua. Lakini nilijua nikisubiri mpaka nijue, kadi itabaki palepale. Nikapiga moyo konde, nikaibandua kutoka Imekwisha. Sikuipeleka Inafanyika. Niliirudisha mwanzo kabisa, kwenye Bado.

"Kadi zote nyingine za wiki hii zinasimama," nikasema. "Leo ni kifuniko tu. Mimi naenda kumleta mtumiaji."

"Nani?" aliuliza Bosi.

"Bibi wa kisu," alisema Waya.

Saa nne nilikuwa nimerudi naye. Alivaa nguo yake ya kutokea na mkoba mkubwa mweusi, akapanda ngazi moja moja akipumzika, akawasalimia wote mmoja mmoja na kuuliza hali za wazazi wao. Bosi mwenyewe alimletea kiti. Tangu tufungue ofisi ile hakuna aliyewahi kukaa mbele ya ubao.

Mchoraji alikuwa ametengeneza vifuniko vitatu kwa kadibodi na gundi, kila kimoja kimefungwa kwenye kisanduku kwa mkanda wa karatasi. Kimoja kilikuwa cha kusukuma pembeni kama droo, kingine cha kuzungusha. Cha tatu alikitolea ulimi mrefu kwenye ile kona iliyotafunwa na kisu.

"Shikamoo, Bibi. Jaribu hiki. Unakionaje?"

"Kizuri, mjukuu wangu. Mikono yako ina baraka."

"Na hiki?"

"Hiki nacho kizuri."

"Na hiki cha tatu?"

"Vyote vizuri. Mmesoma, ninyi."

Waya alinitazama. Nilikuwa nimeshika nywele zangu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na mwanamke huyu aliyenilelea watoto wangu, ambaye hawezi kumwambia mtu chakula chake hakina chumvi, alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mmoja baada ya mwingine, kwa upendo kabisa. Nilitaka kumfokea. Nilizunguka meza mara mbili badala yake.

Ndipo Mchoraji alipofanya jambo ambalo mimi, na diploma yangu, sikuwa nimelifikiria. Alivuta kapu la takataka akaliweka miguuni pa mama.

"Bibi, tumepewa nafasi ya kubaki na kimoja tu. Viwili lazima vitupwe. Tukusaidie, tuanze kutupa kipi?"

Mama alivitazama. Akavichukua kimoja kimoja. Alisukuma kile cha droo, vidole vikateleza, akakidondosha kapuni bila hata kuaga. Cha kuzungusha alikishika, akakunja uso kwa maumivu, akakitupa. Kile chenye ulimi alikiweka juu ya paja, akaupitisha upande wa kiganja chini ya ulimi, akanyanyua. Kikafunguka. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Hiki afadhali," alisema. "Ila ulimi mfupi. Na mlio wake, jamani, kama mbuzi aliyekanyagwa. Nani aliuchagua?"

Waya aliinua mkono polepole.

"Mwanangu, utaua watu."

Hapo tukacheka wote, Bosi naye. Mama akafungua mkoba wake mweusi akatoa kile kisu cha mezani, akamkabidhi Mchoraji kwa heshima. "Chukua. Ukirefusha mpaka hapa," alisema akionyesha ncha, "sina haja nacho."

Siku nzima hatukukaa. Mchoraji alikata ndimi sita, mama akatupa tano.

Ijumaa wageni walikuja wawili, Daktari mmoja asiyesema sana na Muuguzi Mkuu, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kazi. Bosi alianza hotuba yake. Muuguzi alikuwa anatazama kifuniko cha kadibodi.

"Hiki ndicho kilichokamilika?" aliuliza.

Bosi alinitazama mimi.

"Hapana," nikasema. "Kilichokamilika ni hiki hapa, cha plastiki. Kijaribu, lakini kwanza kunja vidole vyako hivi, kama vya mtu mwenye baridi yabisi."

Alijaribu, akakihangaikia, akashindwa. Nikampa cha kadibodi. Kikafunguka kwa kiganja. Alifungua na kufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na watoto?" aliuliza. "Mjukuu wa miaka mitatu si atafungua hiki kwa raha zake?"

"Atafungua. Hiyo bado hatujaiweza. Kadi yake ile pale." Nikamwonyesha ubaoni, safu ya kwanza, imeandikwa asubuhi ileile, chini ya kadi ya mlio wa mbuzi.

Bosi akaanza tena kubonyeza kalamu.

Muuguzi alisoma ubao wote, kadi kwa kadi, na ile karatasi ya juu. Wakateta na Daktari pembeni. Kisha akasema hawawezi kuagiza mia mbili za kitu ambacho bado kinabadilika. Tuwape vitano, vya kadibodi hivihivi, wakae navyo wiki mbili wazee watano wa kliniki yao wasioishi na watoto wadogo, na mmoja wetu aende kila asubuhi kuangalia.

"Kuangalia tu," aliongeza. "Msiwaulize kama ni kizuri."

Walipoondoka Bosi aliketi kwenye kile kiti cha mama. "Nilitaka mia mbili," alisema. "Nimepata vitano na kadi mpya ubaoni."

"Umepata wiki mbili," nikasema. "Stoo itasubiri."

Hakuniambia niirudishe kadi kwenye Imekwisha. Alichukua simu akampigia mchonga kalibu, akamwambia asimame hapo alipofika.

Jumapili nilipanga vidonge upya, nikafunga kile kifuniko cha kadibodi, nikalitupa kopo. Jumatatu saa moja asubuhi kisanduku kililia chumbani kwa mama, kwa mlio mpya wa Waya. Nilikimbia mpaka mlangoni nikasimama, mkono umeshika fremu, mdomo nimeufumba kwa nguvu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuuliza.

Alipitisha kiganja chini ya ulimi. Akanyanyua. Mlio ukakatika. Akachukua kidonge, akakimeza kwa maji, akafunga.

"Nimekuona," alisema bila kugeuka. "Mlio huu afadhali, ila uko chini, siku nikiwa bafuni sitausikia. Hii taa ya kijani inaniumiza macho usiku. Na huu mlango uliposimama unakwaruza tangu mwaka juzi, nilikuwa nanyamaza tu. Na huyu mtoto mnunulie viatu."

Nilikuwa natafuta kalamu.

"Mama, subiri, polepole, niandike."

"Kimbia basi," alisema. "Sijamaliza."