Moyo wa Bi Chuma

…sasa bana pumzi, ikasema sauti ya mpiga picha masikioni, naye Bi Chuma akaibana, amelala chali ndani ya mashine, dari yake shubiri moja tu juu ya pua, mashine ikaanza kugonga ko-ko-ko-ko, moja, mbili, tatu, alihesabu kimoyomoyo kwa sauti za watoto wake wa chekechea ambao kila siku huiruka sita wakatua kwenye saba, basi na yeye akairuka… pumua, mwalimu… akapumua, asiwaze namba, lakini namba ya moyo wake mwaka jana ilikuwa saba, daktari wa damu aliizungushia duara akamweleza bila kupepesa macho kwamba chini ya kumi moyo umesheheni chuma na unaweza kugoma siku yoyote, ishirini kwenda juu ndiyo salama, na chuma kilikotoka alikujua, mwenye talasemia, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, huishi kwa damu za watu, yeye mfuko kila wiki tatu tangu akiwa na miezi minane, na kila mfuko huacha chuma chake mwilini kisijue pa kutokea, ndiyo maana kuna ile pampu ndogo ya kumsukumia dawa ya kukitoa chini ya ngozi ya tumbo usiku kucha, pampu aliyoificha uvunguni miaka minne mizima, kisa alikuwa msichana na alitaka kulala kama wasichana wengine… vuta, toa, bana… dada yake mkubwa alikuwa na ugonjwa huohuo, ndiye aliyempachika jina la Bi Chuma, alisema sisi wawili tukipita karibu na sumaku tutanata tuje kubanduliwa na baba, akacheka mpaka akashika mbavu, akafa ana miaka ishirini na miwili, moyo, na hakukuwa na mashine ya kumwambia mtu kitu mapema, na leo mdogo mtu yumo ndani ya sumaku yenyewe, maana mashine hii ni sumaku tupu, na hajanata, dada, ungeona… pumua… akapumua, karibu acheke, maana alimkumbuka mchumba wake, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mwaka mzima alimpigia simu kila siku saa tatu usiku akiuliza neno moja tu, umevaa?, yaani pampu, mpaka mama akaisikia siku moja akamnunia mkwe mtarajiwa wiki nzima, na alipoeleweshwa akaanza yeye kuuliza, umevaa?, akichungulia mlangoni, na yeye Bi Chuma hakukosa kuivaa hata usiku mmoja, hata wa homa, hata wa harusi ya binamu, na vidonge juu yake, lakini je, kama namba ni saba ileile… mashine ikanyamaza. Sauti ikarudi, taratibu kuliko mwanzo.

“Mwalimu, mimi si daktari, namba utapewa naye. Ila mwaka jana nilikupiga picha mimi. Moyo wako ulikuwa mweusi tii kwa chuma, nilizitafuta kuta zake nisizione. Leo nauona wote.”

Wote, akasema leo nauona wote, na machozi yakamtoka yakateremka kwenye masikio, hawezi kuyafuta maana ameambiwa asitikisike, yakamtekenya, akajikaza, vuta, toa, bana, akamwona akilini mama kwenye benchi nje amekumbatia mkoba wake na viatu vya mwanawe, akamwona dada ameshika mbavu, kicheko kikampasuka.

“Hiyo imeharibika, umecheka. Turudie.”

“Turudie tu,” alisema, “hata mara kumi,” na mashine ikaanza tena ko-ko-ko-ko, dari palepale juu ya pua, naye amefumba mdomo kwa pumzi aliyoibana, na nyuma ya meno yake limeshakaa tayari, likimsubiri daktari, lile swali aliloapa mwaka jana hataliuliza kamwe, naweza kuzaa?